Nani Ameketi Mbinguni

Jumapili ya harambee, kanisani kwetu Mbagala, jirani yangu aliinuliwa kwenye kiti. Ni mama anayeuza vitumbua. Kila siku saa kumi alfajiri yuko jikoni, na siku hiyo aliwahi kumaliza biashara ili asikose ibada ya kwanza. Alikaa safu ya tatu, Biblia yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Viti vya mbele vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe, na utepe wa rangi ya dhahabu mgongoni. Hakuna aliyemwambia kwamba vitambaa vile vina wenyewe. Msafara wa mgeni rasmi ulipoingia, kijana wa mapokezi akamwinamia, akamnong'oneza. Mama akasimama, akachukua mfuko wake, akaenda nje chini ya turubai. Utepe wa kile kiti ulikuwa umelegea. Kijana akaufunga upya kabla mgeni hajaketi.

Mtu wa Mbagala hahitaji kuelezwa thamani ya kiti. Pale kituoni Rangi Tatu watu wazima wamepandia daladala madirishani, na wengine hugeuza na gari tangu mbali ili wapate siti ya kwenda mjini. Ni fujo, lakini ina haki yake: aliyewahi ndiye anayekaa. Jirani yangu mwingine, Mwislamu, ananiambia msikitini nako safu ya mbele ni ya aliyewahi. Kwetu siku ile aliyewahi ndiye aliyeinuliwa.

Baada ya ibada nilimfuata mzee mmoja wa kanisa. Angeniambia imetokea bahati mbaya, ningenyamaza. Nilimkumbusha Waraka wa Yakobo, sura ya pili, mwenye pete ya dhahabu anapokaribishwa mahali pazuri na maskini akaambiwa asimame. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, kasome Ufunuo, sura ya nne. Wazee ishirini na wanne wana viti vyao. Hata mbinguni kuna mbele na nyuma. Mungu wetu ni Mungu wa utaratibu."

Neno hilo halijanitoka kifuani hadi leo.

Ibada ni nini na mbingu ni nini tulifundishwa kwenye kipaimara, sitarudia. Wapo wanaouliza kama kuimba milele hakutachosha. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alitetea mwaka 1973 kwamba maisha yasiyo na mwisho hayana budi kuchosha, na hoja yake ni nzito. Wapo wanaouliza ni Mungu gani huyo mwenye haja ya kusifiwa, na wapo wanaosema mbingu ni dawa ya kumtuliza maskini asidai chake. Yote ni maswali ya haki na yanastahili siku yake. Hoja ya mzee ndiyo inayonichoma, kwa sababu imechukua maono matakatifu kuliko yote tuliyo nayo ikayafanya mpango wa viti.

Tumfuate Yohana, mwandishi wa Ufunuo, alikotazama. Yuko Patmo, kisiwani, kwa ajili ya ushuhuda wake. Anaona kiti cha enzi kimezungukwa na upinde wa mvua kama zumaridi, mbele yake bahari ya kioo, kandokando viti 24 na wazee wamevaa taji za dhahabu. Mzee wangu aliishia hapo. Angeshuka mistari michache tu angekuta kwamba kila mara viumbe wanne wenye uhai, walio kandokando ya kiti cha enzi, wanapomtukuza aliyeketi, wazee huanguka chini na kuzitupa taji zao. Na hao wenye uhai, sura ni ile ile, hawapumziki mchana wala usiku. Sasa tupige hesabu. Ikiwa sifa haina pumziko, na kila sifa inawashusha wazee, wanakaa saa ngapi? Kiti walichopewa ni cha kushukia. Taji waliyovikwa ni ya kuvuliwa. Cheo huko, nionavyo mimi, mtu hupewa ili awe na kitu cha kuweka chini, na kule kukiweka chini ndiko kuabudu.

Wasomaji wa kwanza wa kitabu kile hawakuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 63 Tiridates, mfalme wa Armenia, alivua taji akaiweka mbele ya sanamu ya Nero, Kaisari wa Roma, majeshi yakitazama. Miaka mitatu baadaye alikwenda mpaka Roma akaipokea tena mkononi mwa Nero mwenyewe. Yohana anaichukua sherehe hiyo ya wakubwa na kuihamishia kusikokuwa na Kaisari. Isaya naye, kabla ya kuwataja maserafi na mabawa yao sita, anataja mwaka: ule aliokufa mfalme Uzia. Kiti cha Yerusalemu kimeondokewa na mwenyewe, ndipo anapoonyeshwa kingine. Ezekieli aliona ya kwake kando ya mto Kebari, mateka ugenini, hana nchi sembuse kiti.

Na neno lenyewe, kiti cha enzi, nalipenda mno nisilipite. Walioandaa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hawakulibuni. Pwani yetu ilikuwa nacho kiti hicho, Lamu, Pate, Unguja: kiti cha mpingo, mgongo mrefu uliosimama wima, nakshi za pembe, kikalio kimesukwa kwa kamba nyembamba, na chini pahala pa kuweka miguu. Niliwahi kukitazama kimoja kwa muda mrefu, na kilichonishangaza ni ule wima wake. Hakiruhusu mtu kujilaza. Kiti hicho kiliwekwa kwenye nyumba za waungwana, na akija mgeni wa heshima ndiye aliyekaribishwa akikalie. Mzee akisoma hapa atasema, umeona, mgeni rasmi! Lakini anayempisha mgeni ni mwenye nyumba, na anampisha kwenye kiti chake mwenyewe. Hata kwenye daladala, kijana anayempisha mjamzito huinuka yeye. Sijaona popote adabu ya kumpisha mtu kwa siti ya mwenzako, na hicho ndicho tulichofanya kanisani, mbele ya madhabahu, tukakiita utaratibu.

Hata hivyo hesabu yangu ina tundu, na sitalificha. Kwenye sura ya kumi na moja wazee wale wale wameketi tena kabla ya kuanguka tena. Kumbe hurudi vitini. Huenda taji nazo huziokota, kama Tiridates. Na ule umati wa sura ya saba, wa kila kabila na lugha, ambao jua halitawapiga tena, umesimama.

Jioni ile nilikwenda kumpa pole jirani yangu. Alikuwa uani anasugua kikaangio. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, karibu." Akainuka, akanisogezea kigoda, yeye akageuza ndoo akaikalia. Nikamweleza yote: wazee, taji, viti vya kushukia. Alisugua mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo huko nako hakuna kukaa?" akauliza. "Mimi tangu saa kumi nimesimama, baba. Nilikuwa nategemea kukaa."

Nikakumbuka barua kwa kanisa la Laodikia, kitabu ni hicho hicho: anayeshinda ameahidiwa kuketi pamoja na Kristo katika kiti chake cha enzi. Nikamwambia. Akaacha kusugua.

"Kiti hicho kimoja?"

"Kimoja."

"Tutatosha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa bado nimekalia kigoda chake.