Mnyororo Si Dawa

Baba aliyechoka na mwanawe aliyetekwa na unga, akampeleka katika nyumba ya kutibiwa na kumwacha huko, je, amempa mwenye nyumba haki ya kumtenda apendavyo? Na serikali ikitaka kuingia kutazama, je, imeingilia mambo yasiyoihusu? Suala hili latuhusu sisi Waislamu khasa, kwani baadhi ya nyumba hizi hufunguliwa kwa jina la dini yetu.

Natutazame yaliyotokea Kaduna, Nigeria. Mwezi wa Septemba 2019 polisi waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Rigasa, iliyojulikana kuwa ni chuo cha Kurani na mahali pa kuwatengeneza vijana walioharibika kwa madawa ya kulevya. Walikuta ndani zaidi ya watu 300, wanaume na watoto wa kiume. Baadhi yao wamefungwa minyororo, na wengine wana alama za mapigo. Wala hawakuwa wametekwa njiani: wengi walipelekwa na jamaa zao wenyewe.

Hapo ndipo penye mazingatio. Wazazi wale hawakuwa maadui wa watoto wao. Walikuwa wamefika mwisho wa nguvu zao. Walakini mzazi hawezi kumpa mtu haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mtoto ni amana, si mali. Na amana isiyoulizwa mwisho hugeuka kuwa milki ya aliyeishika.

Tena mnyororo hauponyi. Aliyezama katika pombe kwa muda mrefu, akikatiziwa ghafula bila ya tabibu, aweza kushikwa na kifafa akafa. Na mtumiaji wa unga aliyefungiwa kwa miezi, akatoka bila ya matibabu wala mtu wa kumwongoza, mwili wake umekwisha kupoteza uzoevu. Akirudia kipimo chake cha zamani, mara moja tu yaweza kumuua. Kazi hii yataka ilimu, na fikihi humtoza dhamana anayetibu bila ya ilimu akadhuru.

Wako watakaosema kuwa kukaguliwa ni desturi ya kigeni. Hao wameisahau hisba. Katika miji ya Kiislamu ya zamani muhtasibu hakutazama mizani ya sokoni peke yake; vitabu vya hisba vya karne ya 12 vyawataja pia matabibu na wauza dawa. Ikiwa pishi ya mchele yataka jicho la kuichunga, je, si zaidi mwili wa mwanadamu?

Hapa kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2012 iliyounda NACADA imeipa mamlaka hiyo kazi ya kutoa leseni kwa nyumba hizi na kuzisimamia. Tusiikimbie. Lakini insafu yataka tuseme na upande wa pili. Leseni ukutani haimponyi mtu, na serikali si malaika: taarifa ya Human Rights Watch ya Novemba 2019 ilieleza kuwa huko Nigeria wagonjwa walifungwa minyororo hata katika hospitali za serikali. Na serikali ikiifunga nyumba mbovu bila ya kuonyesha iliyo njema, itakuwa imeufungua mguu wa kijana na kumrudisha maskani kwa muuza unga.

Basi wajibu wetu ni miwili: tuwafungulie wakaguzi milango, na tuweke wakfu ili mtoto wa maskini naye apate tabibu. Nawe mzazi, kabla hujamwacha mwanao, uliza: Leseni iko wapi? Daktari ni nani? Je, naweza kuja kumwona siku niitakayo, bila ya kutoa khabari? Ukijibiwa kwa ukali, mshike mkono mwanao mwondoke. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha wagonjwa je?

Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, na atujaalie sisi tuwe wenye kuchunga amana. Amin.