Jasho Si Hati

Wahenga walisema: mchumia juani, hulia kivulini. Methali hiyo ina ahadi kwa kila mtoa jasho, kwamba taabu ya leo ndiyo raha ya kesho. Lakini wahenga hawakueleza kivuli hicho ni cha mti wa nani. Je, aliyechumia juani ana haki ya kuuita wake mti wowote aukutao mwisho wa safari? Suala hili ni la kale, na historia ya walowezi waliolivuka bara la Amerika kuelekea magharibi katika karne ya kumi na tisa inalidhihirisha kuliko nyingi nyingine.

Taabu ya watu hao haikuwa hadithi ya kubuni. Kuanzia miaka ya 1840, mamia ya maelfu walishika njia za magharibi. Njia ya Oregon, iliyoanzia Missouri, ilikuwa na urefu wa kilomita 3,200 hivi, mwendo wa miezi minne hadi sita. Magari yao ya kukokotwa na maksai yalifunikwa turubai jeupe, hata yakafananishwa na majahazi yakatayo bahari ya nyasi. Lakini wengi wa wasafiri hao walikwenda kwa miguu, kwa kuwa magari yalijaa unga, nyama ya chumvi na zana. Kipindupindu na maradhi mengine yaliwaua wengi kuliko silaha za wenyeji. Majira ya baridi ya 1846 na 1847, msafara wa Donner, wenye watu 87, ulinaswa na theluji katika milima ya Sierra Nevada. Karibu nusu yao walikufa, na baadhi ya waliosalia walikula maiti za wenzao. Waliofanya makazi mbugani walijenga nyumba kwa udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, wakapikia samadi kavu kwa kukosa kuni. Mwaka 1874 nzige walimaliza mazao yao. Tarehe 12 Januari 1888 tufani ya theluji iliwaua watu wengi, wakiwamo watoto waliokuwa wakirejea kutoka shule.

Mwenye moyo hawezi kuyasikia hayo asiingiwe na huruma. Ndipo inapozuka hoja: watu walioteseka kiasi hicho, wakazika watoto wao katika udongo ule na kuulima kwa mikono yao, vipi waambiwe kwamba udongo si wao?

Hoja hiyo ina mizizi. Mwanafalsafa wa Kiingereza, John Locke, alifundisha katika karne ya kumi na saba kwamba mtu akiichanganya kazi yake na ardhi, ardhi huwa mali yake. Sheria ya Kiislamu nayo ina kanuni iliyo jirani na hiyo: mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa huimiliki. Lakini kanuni zote mbili zina sharti. Locke alitaka wengine wabakiziwe ardhi ya kutosha na nzuri vile vile. Mafakihi walitaka ardhi iwe haina mwenyewe. Sharti likiondolewa, kuhuisha hugeuka kunyang'anya.

Na ardhi ile haikuwa mfu. Kando ya mito wenyeji walipanda mahindi, maharage na maboga. Mbugani waliwafuata nyati kwa majira waliyoyajua, wakila nyama yao na kujisitiri kwa ngozi zao. Ulikuwa ni uhai ambao mgeni hakujua kuusoma, akadhani ukurasa ni mtupu.

Tena, kama taabu ingekuwa hati ya kumiliki, ingempa haki kila aliyetaabika. Mwaka 1838 Wacherokee walitolewa kwa nguvu katika nchi yao ya kusini-mashariki, wakapelekwa magharibi, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walifariki kwa sababu ya uhamisho huo. Nao walitembea, nao walizika watoto njiani. Lakini mateso yao hayakuilinda hata ile ardhi waliyokabidhiwa huko walikopelekwa: serikali iliwashinikiza waiuze sehemu kubwa, iliyoitwa Cherokee Outlet, na mwaka 1893 ikafunguliwa kwa walowezi. Basi hapakuwa na mizani iliyopima taabu. Palikuwa na nguvu, na taabu ya mwenye nguvu ikaitwa ushujaa.

Hata hivyo, insafu inataka walowezi nao wasikilizwe. Wengi wao walikuwa mafakiri waliosukumwa na njaa na madeni. Wamo pia watumwa walioachwa huru, waliokimbia dhuluma za kusini na kuanzisha mji wa Nicodemus huko Kansas mwaka 1877. Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862, iliwaahidi ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kuishi humo na kulima kwa miaka mitano. Karatasi waliyopewa ilikuwa ya kweli, na serikali ndiyo iliyogawa kilichokuwa cha wengine. Lakini anunuaye ng'ombe wa wizi bila kujua, ingawa si mwizi, hawi mwenye ng'ombe. Na wapo waliojua.

Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia Walakota vilima vya Black Hills. Mwaka 1874 dhahabu ikagunduliwa humo, na mwaka 1877 vilima vikachukuliwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba walidhulumiwa, na ikathibitisha fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota, ambao wengi wao ni maskini, waliikataa: walichodai ni ardhi, wala hawakuwa wameiuza.

Taabu, basi, humpa mtu heshima, na humpa haki ya kusikilizwa na kuhurumiwa. Haimpi cha mwenziwe. Kama ina deni lolote, deni hilo liko juu ya aliyetaabika mwenyewe: kwamba aijue sura ya taabu aionapo usoni mwa mtu mwingine. Mjukuu wa mlowezi anaweza kulizuru kaburi la bibi yake mbugani na kumlilia kwa haki kabisa. Ila akiinua macho, ayahesabu pia makaburi yaliyotangulia kuwapo.