Marisawa, Umbali na Uhalali wa Windo

Swali la iwapo mnyama aliyeuawa kwa bunduki ni halali kuliwa liliwagawa wanazuoni wa Kiislamu baada ya baruti kuenea, na mgawanyiko huo unaonekana wazi kwa wawili walioishi zama moja: Muhammad al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliyeona kwamba risasi hutoboa mwili na kwa hiyo windo lake ni halali endapo jina la Mwenyezi Mungu limetajwa, na Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliyeona kwamba risasi huua kwa uzito na kwa kuunguza, si kwa makali. Msingi wao ni mmoja. Aya ya 3 ya sura ya Al-Maida inaharamisha mnyama aliyekufa kwa kipigo, na Mtume alimweleza Adi bin Hatim kwamba windo lililochomwa na ncha huliwa, ilhali lililogongwa na ubavu wa mti haliliwi.

Katika miombo inayoizunguka Likasi, mji wa madini nchini Kongo (DRC) ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, swali hilo linahitaji kuulizwa upya. Waislamu wa huko ni wachache, ingawa misafara ya Waislamu wa pwani ilifika Bunkeya kwa mfalme Msiri kabla hajauawa mwaka 1891, muda mrefu kabla ya mji wenyewe kuwapo. Mwindaji wa kanga na kwale hutumia bunduki ya marisawa, yaani ile ya kalibri 12, ambayo kwa mlio mmoja hurusha chembe ndogo zipatazo 200 au zaidi, nazo husambaa kadiri zinavyokwenda mbali.

Kusambaa huko hudhibitiwa na choki, yaani kubanwa kidogo kwa mtutu karibu na mdomo wake, ambako hata kunapokuwa kukali hakuzidi sana milimita 1. Kwa umbali wa mita 36 hivi, mtutu usiobanwa huweka takriban asilimia 40 ya chembe ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 76, na choki kamili huweka takriban asilimia 70. Kwa mita 15, hata hivyo, choki hiyo hiyo huzilundika chembe mahali padogo na kuichanachana nyama.

Jambo ambalo wawindaji wengi hulisahau ni kwamba choki hukusanya chembe lakini hairudishi kasi zinayoipoteza hewani, hivyo humshawishi mtu afyatue kwa mita 50 au 60, ambako shabaha bado inapatikana ila chembe ndogo huweza kuvunja bawa bila kupenya kifuani. Hapo mabishano ya Al-Shawkani na Ibn Abidin yanapungua uzito, maana risasi ile ile hutoboa ikiwa karibu na hugonga tu ikiwa mbali. Hukumu haiwezi kukaa kwenye madini ya risasi, bali hukaa kwenye tendo la mtu aliyechagua umbali. Hata Mkristo wa Likasi, asiyefungwa na sharti la kutoboa, hakwepi swali la maumivu ya ndege anayekwenda kufia vichakani.

Kanga aliyeokotwa akiwa hai huchinjwa, na hapo hakuna mgogoro. Aliyekutwa amekufa, bawa limevunjika na ngozi haikutobolewa, haliwi kwa kauli ya wanazuoni wote wawili.