Haki Iliyo Chini ya Rangi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake na kila aliyeishika njia yao. Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlio upande wa pili wa pazia: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu.

Ijumaa ya leo tuzungumze habari za gereji. Msishangae. Suratul-Jumua inatuamuru tuache biashara tusikiapo adhana, na hapohapo inaturuhusu, swala ikiisha, tutawanyike tukatafute riziki huku tukimkumbuka Mola wetu kwa wingi. Basi anayetoka hapa kurudi kwenye kompresa yake ya kupulizia rangi bado yumo ndani ya Ijumaa.

Mji wetu wa Same mnaujua. Mvua itokayo baharini huishia huko milimani, Chome na Mbaga, nasi huku chini tunabaki na jua na vumbi. Gari likikaa juani mwaka baada ya mwaka, plastiki zake za ndani hupauka. Dashibodi hugeuka kijivu, paneli za milango hutoa unga ukizipitisha kidole, na zilizokuwa nyeupe huwa za manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Magari ya namna hiyo hayaishi hapa kwetu. Kuna Coaster kuukuu zinazopandisha abiria milimani, na kuna yale magari ya zamani yenye vitanda na jiko ndani, ambayo wasafiri huzunguka nayo nchi na kulala humohumo. Barabara kuu ya kutoka Tanga kwenda Moshi inapita mlangoni petu, na lango la Zange la kuingilia Hifadhi ya Mkomazi liko jirani. Mtu akilipata gari kama hilo kwa bei nafuu, jambo la kwanza analolitaka ni ndani papendeze, alitumie au aliuze.

Kuipendezesha mali si dhambi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anaupenda uzuri. Wala hapana ubaya kuchukua kitu kilichochakaa ukakirudishia sura yake. Huko ni kuihifadhi neema badala ya kuitupa. Tunachopaswa kuulizana ni hiki: chini ya rangi kuna nini?

Mafundi rangi mliomo humu mnaijua kazi hii kuliko mimi. Plastiki haishiki rangi kirahisi kama ubao. Paneli hufunguliwa, ikaoshwa kwa maji na sabuni mpaka kwenye mikunjo yake. Kisha hufutwa kwa spiriti, kwa sababu yale mafuta ya kung'arishia dashibodi aghalabu yana silikoni, na silikoni huifukuza rangi, ikaacha vishimovishimo. Hufuata msasa laini, kisha praima ya plastiki, ndipo rangi yenyewe ipigwe, mkono mwembamba juu ya mkono mwembamba, kila mmoja ukingojewa ukauke. Na ukitaka kujua kama umeosha kweli, nyunyiza maji juu ya paneli. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo. Yakitandaa yakawa utando mmoja, hapo pamesafika.

Anayetaka kumaliza kwa siku moja huyaruka yote hayo. Hupuliza rangi juu ya vumbi na mafuta, na jioni gari linang'aa, mwenyewe anacheka, pesa imeshapokewa. Halafu joto la mchana likaanza kazi yake, na ukucha wa mtoto ukatosha kuibandua rangi ile magamba kwa magamba. Ukimuuliza fundi, atakwambia plastiki ilikuwa mbovu.

Ndugu yangu fundi, kanuni hii unayo tangu ulipofundishwa udhu. Sayyidna Umar amesimulia, na Imamu Muslim ameipokea, habari ya mtu aliyetawadha akaacha mguuni mwake mahali padogo kadiri ya ukucha pasipofikiwa na maji. Mtume alipopaona akamwagiza arudi akautengeneze udhu wake. Kadiri ya ukucha tu! Sasa tazama vidole vyako ulivyokuja navyo leo. Rangi ya mafuta iliyoganda juu ya kucha ni utando, nao unayazuia maji. Iondoe kwa tina au kwa mafuta kabla hujatawadha. Ikiwa limebaki doa lisilo na mwili, kama hina, hilo halina neno. Na lile linaloshindikana kutoka bila kujiumiza, muulize shekhe wako. Wewe unayejua kwamba rangi haiifikii plastiki mafuta yakiwa katikati, huwezi kusema hukujua kwamba maji hayaifikii ngozi rangi ikiwa katikati.

Nchi hii ya Upare ilikuwa na mafundi wenye sifa kabla ya gari la kwanza kufika. Wafua chuma wa ukoo wa Washana, kule Ugweno, walitengeneza majembe na mikuki, na chuma cha Upare kilinunuliwa hata na majirani zetu Wachagga. Jembe halikuwa na rangi ya kulificha. Udongo wenyewe ndio uliolitolea ushahidi. Na katika Suratu Saba Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba alimlainishia Nabii Daudi chuma, akamwagiza atengeneze deraya zilizo kamili na azikadirie vizuri pete zake. Hebu lizingatieni hilo. Mola wa mbingu na ardhi anamwagiza Mtume wake habari ya vipimo vya pete za chuma! Pete moja ikilegea, mkuki unapita hapo, na aliyevaa ndiye anayekufa, si fundi. Kwa hiyo kazi isiyoonekana na mteja ina Mwangalizi wake.

Nije kwa muuzaji. Magari haya ya kulala yana maradhi yao, na mnayajua. Mpira wa dirisha ukikauka, au kiungo cha paa kikifunguka, maji hupenya polepole. Huonekana doa la kahawia pembeni mwa dirisha au darini. Ukibonyeza paneli unakuta imekuwa laini, kwa sababu ubao ulio nyuma yake umeshaanza kuoza. Doa lile ni shahidi. Mwenye kuziba uvujaji, akabadilisha ubao, ndipo akapaka rangi, huyo ametengeneza gari. Mwenye kulipaka rangi doa peke yake amemnyamazisha shahidi.

Kisa chake kimo katika hadithi ya Abu Huraira. Mtume alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakutana na umajimaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akajibu kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Muangalieni mtu yule: hakuiba, hakupunja mizani, wala mvua hakuinyesha yeye. Kosa lake ni kuweka kikavu juu ya kilicholowa. Na paneli iliyopakwa rangi juu ya unyevu ni lundo lilelile, limehama tu kutoka soko la Madina mpaka Same.

Msiseme, mnunuzi ana macho, akague mwenyewe. Katika hadithi ya Uqba bin Amir tumekatazwa kumuuzia ndugu yetu kitu chenye kasoro bila ya kumbainishia kasoro hiyo. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mnunuzi. Na mgeni asiyekuwa Muislamu, aliyekuja kuangalia faru wa Mkomazi, ana haki hiyohiyo. Kughushi ni haramu, awe anayeghushiwa ni nani.

Mnunuzi naye asidhani ameachwa nje. Jarir bin Abdillah, sahaba wa Mtume, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomtazama farasi akaona thamani yake ni kubwa zaidi, akamfuata muuzaji, akawa anamwongezea bei mwenyewe mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, akaeleza kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Sisi tukimkuta mjane anauza gari la marehemu bila kuijua thamani yake, tunafanya haraka kuandikishana kabla hajapata wa kumshauri.

Na wewe mwenye gari unayemlaumu fundi, jiulize ulimwambia nini. Ulimtaka amalize leo, ukakataa kununua praima, na pesa yake ukamzungusha mwezi mzima, hali ya kuwa tumeamrishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Yule kijana msaidizi anapuliza rangi ndani ya gari lililofungwa, kitambaa tu kimefunika pua. Zile rangi zinazochanganywa na dawa ya kukausha zina mvuke unaoweza kumpa maradhi ya pumu ya maisha. Fungua milango, mnunulie barakoa inayofaa. Mapafu yake ni amana mkononi mwako.

Basi tukitoka hapa, kila mmoja aifanye iliyo yake. Fundi, mwambie mteja ukweli wa muda na gharama, na kazi usiyoweza kuisimamia usiipokee. Muuzaji, sema kwa ulimi wako: hapa palivuja, hapa nimepaka rangi, hapa sikugusa. Mtume amesema kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainishiana, biashara yao hubarikiwa, na wakificha, baraka hufutwa. Na aliyekwisha kuuza kwa kuficha, mlango haujafungwa. Mnunuzi bado yupo, na simu yake unayo. Mpigie leo baada ya swala, mweleze, mtengenezee, au umrudishie kilicho chake. Ni nafuu kumlipa hapa kwa shilingi kuliko kumlipa kesho Kiyama kwa swala zako na funga zako.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Wabariki mafundi wetu katika mikono yao na wafanyabiashara wetu katika ndimi zao. Wasamehe wazee wetu waliotangulia, waponye wagonjwa wetu, uinyeshee nchi yetu mvua yenye heri, milimani na tambarare. Amin. Simamisheni swala.