Dalili Zilionekana, Ndege Ikaruka

Meli zinazojiendesha si hadithi tena. Norwei wanayo Yara Birkeland, iliyoanza kazi mwaka 2022, na Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) limekuwa likiandaa kanuni za meli za aina hiyo. Huenda siku moja zikapita hapa kati ya Bagamoyo na Unguja. Kabla hazijafika, tujifunze kwa ndege iliyokuwa ikienda kwa jirani zetu.

Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, 32 wakiwa Wakenya. Programu iitwayo MCAS ilidanganywa na kihisio kimoja kwamba pua ya ndege imeinuka mno, ikaisukuma chini. Marubani wakivuta juu, nayo inasukuma tena. Kihisio cha pili kilikuwepo, lakini programu haikukisikiliza.

Lililo chungu ni kwamba dalili zilikuwepo. Oktoba 29, 2018, ndege ya Lion Air ya aina hiyo hiyo ilianguka Indonesia, ikaua watu 189. Usiku wa kuamkia ajali, ndege ile ile ilikuwa imesumbua vivyo hivyo. Marubani wakakata umeme unaosogeza bawa la mkia, wakatua salama, lakini katika kumbukumbu za ndege hawakuandika yote. Asubuhi ikaruka. Marubani walikuwa hawajaambiwa hata kwamba MCAS imo. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilikuwa imewaachia Boeing sehemu kubwa ya ukaguzi, na hata baada ya Lion Air iliziacha ndege hizo ziendelee kuruka.

Tusiwacheke. Sote, mimi nikiwemo, tukiona mashine imefika salama jana, hatuiulizi maswali leo. Lakini meli zinazojiendesha zikija, tuulize: ngalawa ya Bagamoyo ni ya mbao, na rada huiona kwa shida. Meli isiyo na nahodha itaionaje usiku?

Basi TASAC, wasimamizi wa usafiri wa meli nchini, wasipokee tu jibu la muuzaji. Waijaribu meli wenyewe, hapa hapa, pamoja na wavuvi wetu. Wadai vihisio vinavyosahihishana na mtu mwenye mamlaka ya kuizima. Na ikikosea hata mara moja bila kuumiza mtu, isimame hadi sababu ijulikane.