Machi Iliyogeuka Agosti

Kikundi kilikuwa cha wauza dagaa wa Kirumba, Mwanza, cha kuweka na kukopa kama vilivyo vikundi vingi, na daftari lake lilikwisha kuhamia kwenye Excel. Majina ya wanachama yalishuka upande wa kushoto, miezi ikapangwa juu, kuanzia seli B1 hadi M1. Aliyelitengeneza faili hilo aliandika vichwa vya safu kwa tarakimu: 1, 2, 3, hivyo hivyo hadi 12. Ukitaka michango ya mwezi wa tatu, uliandika 3 kwenye seli ya pembeni, na fomula ikaenda kuitafuta safu yenye kichwa hicho na kukuletea kilichomo. Miaka miwili ilifanya kazi bila kukosea.

Akaja katibu mpya, kijana mwenye cheti cha kompyuta na anayependa mambo yapendeze. Tarakimu zile zilimkera. Akafuta 1 akaandika Januari, akafuta 2 akaandika Februari, akaendelea hadi Desemba, akapaka rangi ya kijani, akahifadhi. Ile sehemu ya fomula inayotafuta safu hakuigusa. Ya nini kuigusa, na ilikuwa nzima?

Kwenye kikao cha kufunga mwaka akasimama na karatasi ya faini. Mchango ni shilingi 20,000 kwa mwezi, asiyeleta anatozwa. Alipofika kwa mama mmoja wa safu ya mbele akasoma miezi kadhaa aliyodaiwa kutolipa, ikiwemo Machi, Mei na Novemba. Watu wakageuka kumtazama.

"Mwanangu, Machi nilileta," mama akasema. "Mei nilileta. Kadi hii hapa, na sahihi ya mweka hazina hii hapa."

"Mama, kompyuta ndiyo inayosema hivyo, shikamoo yako."

"Marahaba. Basi iulize na Agosti. Agosti ndiyo sikuleta, nilikuwa Bugando namuuguza mkwe wangu. Mbona hiyo hamnidai?"

Katibu akatazama karatasi. Agosti, mbele ya jina la mama, palikuwa pameandikwa: Hana deni.

Sasa tuiache ile kadi mezani, tuitazame fomula. Sehemu inayotafuta kichwa cha safu inaitwa MATCH. Inataka kuambiwa mambo matatu: kinachotafutwa, mahali pa kutafuta, na namna ya kutafuta. Hili la tatu unaweza kuliacha wazi na Excel isinung'unike. Ila ukiliacha wazi, yenyewe inajaza 1, na 1 maana yake ni kwamba vichwa vimepangwa kutoka kidogo kwenda kikubwa, au kutoka A kwenda Z, kwa hiyo itafute kama mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi: ifungue katikati, iamue kwenda kulia au kushoto, ikate tena nusu, mpaka ifike. Isipolikuta neno lenyewe, itosheke na lile lililotangulia kidogo.

Tarakimu 1 hadi 12 zilikuwa zimepangwa hivyo tayari, ndiyo maana miaka miwili ilipita salama. Majina ya miezi hayakupangwa kialfabeti, na wala hakuna mtu mwenye akili timamu anayeipanga miezi hivyo. Fomula haijui. Inaulizwa Machi, inafungua katikati na kukuta Juni. M huja baada ya J, basi Machi lazima iwe kulia. Inaruka kulia, inakuta Septemba. S imeipita M, inarudi nyuma. Katikati ya hizo mbili zimebaki Julai na Agosti tu, na zote mbili kialfabeti zinaitangulia Machi. Inachukua ya mwisho, Agosti, inaleta kilichomo bila wasiwasi wowote. Machi halisi iko kushoto, upande ambao haikuutazama. Mei nayo inapita njia hiyo hiyo, na Novemba pia.

Na ukiiuliza Agosti yenyewe? Inakuta Juni, inasogea kushoto. Huko kila inachokigusa kinakuja baada ya Agosti kialfabeti, kwa hiyo inazidi kwenda kushoto mpaka vichwa vinaisha mkononi. Hapo inakiri kushindwa na kuandika #N/A.

Alama hiyo ingeliokoa kikundi. Lakini katibu, kwa ule usafi wake, hakupenda alama mbaya kwenye karatasi ya wakubwa, akaizungushia fomula IFERROR na kuiagiza kwamba likitokea kosa iandike "Hana deni". Hapa ndipo ninapomlaumu kweli. Kuliacha wazi lile la tatu ni jambo la kawaida. Kuuchukua ujumbe unaosema "sikukipata ulichoniuliza" na kuugeuza kuwa hukumu ya kwamba mtu hadaiwi ni kuficha maradhi, na kifo cha maradhi hayo kilikuwa kikimsubiri kikaoni.

Dawa yenyewe ni fupi kuliko maelezo yake. MATCH iandikwe na 0 mwishoni, yaani itafute kichwa hicho hasa au iseme haikukiona: =INDEX(B2:M2, MATCH("Machi", $B$1:$M$1, 0)). VLOOKUP na HLOOKUP zina ugonjwa ule ule, na kwao neno la mwisho la kuandika ni FALSE. Mwaka 2019 Microsoft walitangaza XLOOKUP, ambayo usipoiambia kitu hutafuta kinachofanana kabisa, lakini toleo la Excel 2016 halinayo, wala la 2019.

Sifuri, hata hivyo, haimwambii mtu kama safu aliyoipata ndiyo aliyoikusudia. Mwaka 2021 madaktari walioomba nafasi za mafunzo ya utoaji wa dawa ya usingizi huko Wales walijibiwa kwamba hakuna hata mmoja anayefaa kuchukuliwa, ingawa baadhi yao walikuwa wamefanya vizuri sana kwenye usaili. Mafaili ya maeneo mbalimbali hayakuwa na mpangilio mmoja, na yalipounganishwa kwenye faili kuu, nafasi ya mtu katika orodha ya Wales iliwekwa mahali pa alama zake. Aliyeshika namba 1 akaonekana amepata alama 1. Tarakimu ni tarakimu; hakuna alama nyekundu inayojitokeza kwa sababu ya kukaa safu isiyo yake.

Kuna na vijidudu vidogo. "Machi" yenye nafasi tupu mwishoni siyo "Machi", na nafasi iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti mara nyingi hata TRIM haiifuti. Seli zilizounganishwa huweka neno kwenye seli ya kwanza tu, zilizobaki ni tupu hata kama macho yanaona kichwa kimoja kipana. Vichwa viwili vikifanana, hupewi cha pili kamwe.

Ninachopenda kuliko vyote ni seli moja ya ziada, pembeni ya jibu, yenye kazi ya kutaja kichwa kilichopatikana: =INDEX($B$1:$M$1, ikifuatiwa na MATCH ile ile iliyotumika kwenye jibu. Umeuliza Machi, yenyewe inasema Agosti. Hata asiyejua fomula anaona. Katibu aliiweka usiku wa siku ile ya kikao, kabla hajaongeza sifuri, akaandika Machi, akakaa akiitazama.

Kikao kilichofuata faini za mama zilifutwa, ikabaki ya Agosti, akailipa pale pale. Wengine watatu, ambao Machi hawakuleta kweli na karatasi ilikuwa imewasafisha, wakatajwa na kuingia mifukoni. Mwenyekiti akataka kuendelea na ajenda. Mama akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, jina langu lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote hawa."

"Mama, si tumeshafuta kwenye faili?"

"Kwenye faili sikusikia mtu akicheka."

Mwenyekiti akamtazama katibu. Kijana akasimama, akachukua karatasi mpya, akasoma jina la mama na miezi yake yote kumi na miwili, mmoja mmoja, kwa sauti.