Nusu Itakayorudishwa

Kule Kadutu nyumba zimepandiana mlimani, bati la huyu liko miguuni pa yule. Hapo anaishi mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Shida yake ni ya mji mzima wa Bukavu, Kongo. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu papo hapo mjini na mitambo miwili inaukamua umeme, ule wa pili, uliowashwa 1989, ukilisha Rwanda na Burundi pia. Hata hivyo umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ukikatwa, samaki wanaoza huku mto ukipita.

Siku moja akaja kijana, shati limepigwa pasi, mkononi karatasi yenye muhuri na kichwa cha chui. "Mama, chukua plake ya jua, betri na friji kwa dola mia sita. Serikali itakurudishia nusu ndani ya siku tisini." Akaomba na dola ishirini za fomu. Mama akatoa akiba ya kikundi, yake na ya wenzake wanne, kwa ahadi kwamba watagandisha wote.

Wengi wakisimuliwa kisa hiki humcheka mama. Si haki. Msaada wa serikali upo. Amri ya Desemba 2018 ilipunguza ushuru na kodi kwa vifaa vya umeme vinavyoingizwa Kongo. ANSER, shirika la serikali la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, lina mfuko uitwao Mwinda, yaani taa kwa Kilingala, unaoyapa ruzuku makampuni ya vifaa vya jua. Uongo wa kijana ulisimama juu ya mguu mmoja wa kweli. Ila nafuu hizo humshukia mwagizaji mpakani, au kampuni. Mnunuzi huionja kwenye bei tu, siku ileile anapolipa. Kenya iliporudisha kodi kwenye vifaa vya jua mwaka 2020, kisha ikaiondoa 2021, ugomvi ulikuwa juu ya bei ya dukani. Hakuna mama aliyejazishwa fomu.

Na bei ndiyo mama hakuiuliza. Angeshuka hadi Nyawera akapita maduka matatu tu, angegundua kwamba ile nusu "itakayorudishwa" ilikuwa imeongezwa juu tangu mwanzo. Neno kurudishiwa lilimfumba macho. Hata betri hakuigeuza aitazame: ilikuwa ya gari, kazi yake kuamsha injini kwa sekunde chache, si kubeba friji usiku kucha. Haikumaliza miezi mitatu.

Siku ya tisini alipanda hadi ofisi aliyoelekezwa, karatasi yake ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Akamkuta fundi cherehani, ambaye alimwambia kwa upole kwamba yeye ni wa saba wiki ile.

Akiba ya wenzake anailipa hadi leo, dola tano tano. Plake ameilaza juu ya bati, anaanikia sambaza.